Studio ya kukodi kisiwani Mombasa kwa mtu anayekwenda kazini kwa miguu

Swali: Nimepata kazi katika ofisi moja karibu na Treasury Square, Mombasa, na naanza mwezi wa sita. Natoka Voi. Sina gari, wala sitaki kutegemea matatu kila siku. Nataka studio au bedsita, yaani chumba kimoja chenye choo, bafu na jiko humo humo ndani. Kodi, maji, umeme na nauli kwa pamoja visizidi shilingi 15,000 kwa mwezi. Nitafute mitaa gani, nikague nini, na nijikinge vipi na matapeli? Mimi ni mwanamke na nitaishi peke yangu.

Jibu: Umefanya vyema kuiingiza nauli katika bajeti ya nyumba, maana hapo ndipo wageni wengi wa Mombasa hukosea hesabu. Chukua vyumba viwili vya mfano. Tarakimu ni za kuonyesha hesabu tu, nawe uweke zile utakazotajiwa. Cha kwanza kiko Ganjoni: kodi 13,000, maji 500, umeme 1,200, jumla 14,700, na kazini unakwenda kwa miguu. Cha pili kiko Mtopanga, ng'ambo ya daraja la Nyali, kodi 8,500. Nauli ya 100 kwenda na 100 kurudi kwa siku 22 za kazi ni 4,400. Mitungi mitatu ya maji kwa siku, kila mmoja wa lita 20 na kwa shilingi 20, ni 1,800 kwa mwezi. Umeme tuseme ni ule ule 1,200. Jumla 15,900. Chumba kilichoonekana cha bei nafuu kimekugharimu 1,200 zaidi, na bado hujahesabu saa za kukaa kwenye msongamano wa magari darajani asubuhi na jioni.

Basi tafuta ndani ya kisiwa, tena karibu. Kisiwa kizima ni takriban kilomita za mraba 14, lakini joto na unyevunyevu wa hapa huirefusha njia. Kilomita moja na nusu, ambayo ni kama dakika 20, utafika ofisini ukiwa bado unafaa kukaa mezani. Ikizidi kilomita mbili, siku nyingi utapanda tuktuk, hivyo nauli yake iandike kwenye bajeti tangu sasa. Usiitegemee ramani ya simu peke yake. Itembee njia yenyewe siku ya kazi, saa moja na nusu asubuhi, ukiwa na viatu vya ofisini, kisha uirudie saa kumi na moja jioni. Ramani haikuonyeshi mtaro usiokuwa na kifuniko, vibanda vilivyomeza njia ya waendao kwa miguu, wala unavyosubiri kuvuka Digo Road wakati hakuna gari linalosimama. Angalia pia kivuli kiko upande gani wa barabara. Njia ndefu kidogo yenye miti huchosha kuliko ile fupi iliyo juani? La, ni kinyume chake, na mwezi wa pili na wa tatu utaijua tofauti.

Mtaa wa kuanza nao ni Ganjoni. Kutoka huko hadi Treasury Square ni dakika 15 hadi 20, kuna maduka, na maghorofa ni mengi. Jihadhari na jambo moja: baadhi ya studio za huko ni vipande vya nyumba kubwa iliyogawanywa. Utaitambua kwa bafu lililoinuliwa ngazi moja juu ya sakafu ya chumba, kwa sababu bomba la maji machafu liliongezwa baadaye na fundi alihitaji mteremko. Si kosa kwa lenyewe, lakini mwaga ndoo nzima ya maji bafuni uone kama yanaondoka au yanatuama. Kisha gonga kuta. Ukuta wa mbao au jipsam utakusikilizisha simu za jirani usiku kucha, na mara nyingi umekata dirisha au njia ya hewa iliyokuwa ya chumba kizima.

Kizingo ina bangaloo kubwa, na nyingi zina vyumba vya nyuma ambavyo wenyewe hukodisha. Kwa mtu mmoja hivi ni vyumba vizuri sana: vimetulia, vina kivuli, na mlinzi yuko langoni. Kasoro zake ni mbili. Umeme huwa ni wa mita moja na nyumba kubwa, na barabara zake hubaki tupu mapema jioni.

Mji wa Kale ndio ulio karibu zaidi, kwa maana barabara ya Ndia Kuu inaanzia pale pale Fort Jesus, iliyo jirani na Treasury Square. Nyumba zake za mawe ya matumbawe na chokaa zina kuta nene zinazozuia joto la mchana. Upana wa chumba cha zamani ulitegemea urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, kwa hiyo vingi havizidi mita tatu hivi. Pima kabla ya kununua kitanda cha futi sita. Angalia sehemu ya chini ya kuta. Pakiwa na plasta inayopukutika na unga mweupe, ukuta unavuta unyevu kutoka ardhini, na mara nyingi umeshapigwa saruji juu ya chokaa, jambo linalouzuia kupumua. Rangi mpya itaficha hali hiyo kwa miezi michache tu, kwa hiyo usiweke kabati la nguo likigusa ukuta wa namna hiyo. Mji wa Kale uko chini ya hifadhi, na mabadiliko ya majengo yanahitaji idhini ya ofisi ya hifadhi ya Makumbusho, hivyo usitarajie kutoboa ukuta uweke kiyoyozi. Gari haliingii vichochoroni. Vitu vitahamishwa kwa mkokoteni. Tena mwenye nyumba mara nyingi anaishi humo humo na familia yake. Uliza mapema kuhusu wageni na saa ya kufunga mlango mkubwa, kwani ni nyumba ya watu na ina taratibu zake.

Tudor ina bedsita nyingi kwa ajili ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, lakini kutoka kule hadi kazini kwako ni zaidi ya kilomita tatu. Mwembe Tayari si mbali, ila kwa miaka mingi yamekuwa huko mabasi ya safari ndefu, na honi hazijui usiku. Maghorofa mapya ya Buxton yana nyumba ndogo zinazokodishwa na wenyewe mmoja mmoja. Uliza kama ada ya huduma ya jengo imo ndani ya kodi. Likoni ni ya mwisho kwenye orodha yako. Feri haimtozi anayevuka kwa miguu, lakini kuna foleni yake, na ukishuka bado una zaidi ya kilomita mbili mbele yako.

Sasa maji, na hapa nakusihi usione haya kuuliza sana. Mombasa haina chanzo chake kikubwa cha maji matamu. Maji ya mfereji hutoka Mzima kule kwenu Taita Taveta, Baricho iliyoko Kilifi, na Marere na Tiwi zilizoko Kwale, na hayatoshi, hivyo MOWASSCO, kampuni ya maji ya Mombasa, huyatoa kwa zamu. Pengo hilo wenye nyumba huliziba kwa maji ya kisima, ambayo kisiwani huwa ya chumvi. Nyumba nyingi zina mistari miwili: chumvi kwa choo na bafu, tamu kwa jiko. Nyingine zina chumvi tupu. Ukienda kutazama chumba, beba kipande cha sabuni ya kipande. Nawa kwenye kila mfereji. Sabuni ikikataa kutoa povu na kuacha utando mikononi, hayo ni ya chumvi. Tazama pia kichwa cha bomba la kuogea: matundu yaliyoziba kwa ukoko mweupe yatakuambia ukweli ambao mtunza nyumba hatakuambia. Maji ya chumvi yanaharibu birika la umeme na mashine ya kufulia, yanachakaza nguo na kukausha nywele, na ya kupikia itabidi ununue kwa mtungi. Kuoga kwa maji ya chumvi watu wengi wamezoea, na si sababu ya kukataa chumba kilicho kizuri kwa mengine yote, ila kodi yake iwe inalingana na hali hiyo.

Baada ya hapo uliza ukubwa wa tangi na idadi ya vyumba. Tangi la lita 10,000 kwa vyumba 20 ni lita 500 kwa kila chumba. Mtu mmoja mwenye choo cha kuvuta akitumia lita 100 kwa siku, hizo ni siku tano. Maji yakija mara mbili kwa wiki, inatosha. Yakija mara moja, siku mbili za mwisho ni za ndoo. Zamu ya maji usimuulize dalali. Muulize mpangaji wa ghorofa ya juu, kwa sababu huko ndiko maji hukatika kwanza, hasa umeme ukipotea na pampu ikasimama.

Joto linataka akili kidogo. Pepo zetu ni mbili: kusi, inayovuma kutoka kusini-mashariki kuanzia mwezi wa nne hivi hadi wa tisa, na kaskazi, kutoka kaskazini-mashariki kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi mwezi wa tatu. Dirisha linaloelekea mashariki, kwa kaskazini au kwa kusini yake, litapata moja ya pepo hizo. Lakini dirisha moja halitoshi, kwani upepo usipokuwa na pa kutokea hauingii. Fungua dirisha na mlango, shika kipande cha tishu katikati ya chumba, uone kama kinacheza. Kikining'inia tu, utalala na panka usiku kucha. Ghorofa ya mwisho iliyo moja kwa moja chini ya zege la paa hukusanya jua mchana na kulitema usiku. Ukuta wa magharibi nao hupigwa na jua kuanzia saa nane mchana. Ndiyo maana chumba usikitazame asubuhi peke yake. Nenda saa kumi alasiri, uweke kiganja chako kwenye ukuta wa magharibi na, ukiweza, kwenye dari.

Bahati yako ni kwamba unahamia mwezi wa sita, kwa hiyo utakuwa unatafuta wakati wa masika. Huu ndio msimu mzuri kuliko yote wa kukagua nyumba. Dari inayovuja inavuja mbele yako, na vyumba vya chini vilivyoingiwa na maji vina mstari wa uchafu ukutani. Nusa ndani ya makabati. Harufu ya ukungu hapo haitaisha kiangazi kikija.

Kagua jengo lenyewe pia, si chumba peke yake. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi ikipenya kwenye zege hutia kutu nondo zilizomo. Nondo zenye kutu huvimba na kuipasua zege. Simama chini ya roshani na chini ya ngazi, utazame juu. Madoa ya kahawia, nyufa zinazofuata mstari wa nondo, au vipande vilivyokwisha kuanguka hadi nondo zinaonekana, hapo ondoka, hata kama chumba kimewekwa vigae vipya na rangi inanukia. Kasoro kama hiyo haimalizwi na fundi wa kupaka rangi.

Umeme: ulizia kama chumba kina mita yake ya tokeni kutoka Kenya Power, au mita ndogo ya mwenye nyumba. Tofauti ni ya fedha. Bei ya umeme wa nyumbani hupanda kwa ngazi: hadi uniti 30 kwa mwezi ni nafuu kabisa, 31 hadi 100 ni ya kati, na zaidi ya 100 ni ya juu. Studio yenye panka, taa, simu na friji ndogo inaweza kubaki ngazi ya kati. Vyumba sita vikiwa kwenye mita moja, vyote pamoja vimevuka 100, na kila mmoja analipa bei ya juu. Mita ikiwa yako, kabla ya kutoa amana nunua tokeni za shilingi 100 kwa namba ya mita hiyo (Paybill ya tokeni ni 888880). Ukiona sehemu ya hela imekatwa kulipa deni, mpangaji aliyetoka ameliacha, nalo lilipwe kabla hujaingia.

Jikoni kuna jambo moja tu kubwa: dirisha la karibu na meko lifunguke nje, si kwenye ukumbi wa ghorofa. Unalala chumba kimoja na mtungi wa gesi wa kilo 6, na hewa ya nje hapo si anasa.

Kuhusu kutafuta kwenyewe, picha za mtandaoni zitakupa fununu ya bei, lakini vyumba vizuri vya kisiwani havifiki huko. Hushikwa kwa maneno ya mdomo. Mpangaji anayehama hutoa notisi mwanzoni mwa mwezi. Kwa hiyo tarehe 1 hadi 5 ya mwezi wa tano, zunguka Ganjoni na Kizingo ukiwauliza watunza nyumba nani anaondoka mwisho wa mwezi. Waulize na wenye maduka, na mama anayeuza mbaazi na mahamri pale kona, kwani yeye anajua kila anayehama. Soma vibao vilivyotundikwa kwenye malango. Ukitumia dalali, kubalianeni ada yake kabla ya kutembea naye, na ilipwe baada ya kupata ufunguo na mkataba. Anayedai hela ya "kuonyeshwa nyumba" kwanza, achana naye. Mawakala wa nyumba kisheria wanatakiwa kusajiliwa na bodi yao, na aliyesajiliwa hataona taabu kukupa namba yake ya usajili. Utapeli wa kawaida una sura moja: chumba kizuri, bei chini ya majirani, "mwenyewe yuko ng'ambo", na watu wengine wanakitaka leo hii, hivyo utume amana kushikilia nafasi. Usitume hata shilingi kwa chumba ambacho hujaingia ndani yake na ufunguo wake ukageuka mlangoni mbele ya macho yako.

Kisha jua mwenye nyumba ni nani hasa. Kisiwani hili si swali dogo. Nyumba nyingi za zamani ni za urithi, na ndugu watano wanaweza kuwa na haki humo. Ukimlipa mmoja, wengine wanaweza kuja kukudai. Nyingine ni mali ya wakfu. Nyingine, hasa Majengo, ni nyumba bila ardhi, yaani jengo ni la mmoja na kiwanja ni cha mwingine, na mgogoro wao ukifika mahakamani wewe ndiwe unayelala humo. Muulize kwa adabu: "Kodi ya hapa hupokelewa na nani, na risiti huandikwa kwa jina gani?" Waulize na wapangaji wengine vivyo hivyo. Majibu yakipishana, tafuta chumba kingine.

Andaa fedha za kuingilia kama mara mbili na nusu ya kodi: mwezi wa kwanza, amana ya mwezi mmoja, na zinazobaki kwa amana ya maji, karatasi za mkataba, mkokoteni na mtungi wa gesi. Lipa kwa benki au M-Pesa kwa jina lililo kwenye mkataba, si kwa mtunza nyumba, na ujumbe wa malipo usiufute. Mkataba uwe wa maandishi, na useme: kodi na tarehe yake, nani analipa maji na kumwaga shimo la choo likijaa, kodi itapandishwa lini, amana itarudishwa ndani ya siku ngapi na itakatwa kwa sababu zipi. Rangi ndiyo hula amana za watu. Andikeni kama utapaka mwenyewe ukitoka, au utakatwa kiasi gani. Kabla ya kuingiza hata godoro, piga video ya kila ukuta, mfereji, kitasa na doa, umtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo.

Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka notisi isiyopungua mwezi mmoja kutoka kwa yeyote kati yenu, kwa upangaji wa mwezi hadi mwezi. Ukichelewa kodi, mwenye nyumba hana ruhusa ya kubeba vitu vyako mwenyewe. Kuzuia mali kwa ajili ya kodi ni kazi ya dalali wa mnada mwenye leseni. Baraza la kudhibiti kodi halitakusaidia, kwa sababu linahusu nyumba za kodi isiyozidi 2,500. Amana ikizuiliwa bila sababu, nenda Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Ile video na zile jumbe za malipo ndizo ushahidi wako.

Kwa kuwa utaishi peke yako, kila chumba kilichokupendeza kirudie saa mbili unusu usiku, baada ya sala ya isha, ukiwa na mtu unayemwamini. Tazama taa za barabarani zinazowaka kweli, kichochoro kinachokaa tupu, na kama ngazi ya jengo ina taa. Ongea na wanawake wa jengo hilo. Waulize wao hupita njia gani wakichelewa, na waulize kuhusu mtunza nyumba pia. Ghorofa ya kwanza au ya pili hukufaa kuliko ya chini yenye dirisha la barabarani. Grili ya dirisha iwe imara ila isikufungie ndani. Iwe na kipande kinachofunguka, ufunguo ukae mahali pamoja unapofikika gizani. Na siku ya kuhamia, mwite fundi abadilishe kitasa cha mlango kabla hujalala humo usiku wa kwanza. Omba idhini kwa ujumbe wa simu, weka kitasa cha zamani kabatini uje ukirudishe ukihama, kwa kuwa funguo za kitasa hicho ziko mikononi mwa wapangaji wote waliokutangulia.